Herufi kumi za Tshabalala

Kazi yangu ni kubandika majina kwenye jezi. Meza moja, mashine ya kukatia stika, presi ya moto, mwavuli, basi, hapa Kariakoo hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, tangu 2016 nilipoachana na mitumba. Jezi siuzi, mteja anakuja na yake mkononi, fundi niwekee fulani, mi nahesabu herufi, mia tano kila herufi, namba elfu mbili, nambandikia anasepa. Kila kazi naiandika kwenye daftari, jina, herufi, hela, maana presi sio yangu na mwenyewe anataka hesabu kila Jumamosi. Hilo daftari ndo limenifundisha haya ninayotaka kusimulia, kuhusu ule ugomvi wa 2025 pale Mohamed Hussein alipotoka Simba akavuka kwenda Yanga.

Kwa ambao hawafuatilii, huyu ni beki wa kushoto, wengine wanamwita Zimbwe Jr, wengine Tshabalala, jina la yule Msauzi aliyefunga goli la kwanza la Kombe la Dunia 2010. Alikuja Simba 2014 akitokea Kagera Sugar. Na anakuja hali yetu Simba ilikuwa ya kusikitisha kwelikweli, ubingwa wa mwisho tulichukua 2011/12 na tukakaa hivyo hivyo tunaangalia wenzetu, mpaka 2017 tulipoifunga Mbao 2-1 pale Jamhuri Dodoma tukabeba Kombe la FA, watu wazima wakalia kama tumechukua Afrika. Baada ya hapo ligi mara nne mfululizo, 2017/18 mpaka 2020/21, robo fainali za Ligi ya Mabingwa mara nne, na Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco. Misimu 11, mwishoni akiwa nahodha. Afu huyo, Jangwani, kwa Yanga.

Mimi Simba wa kuzaliwa, baba yangu alikuwa Simba, hilo halina mjadala.

Sasa hapa kijiweni tuko wengi na kila mtu ana timu yake. Kuna mzee wa kahawa, Yanga wa zamani, anauza kahawa na kashata na maneno. Kuna dogo wa boda, Simba, mkali kama pilipili kichaa. Kuna jamaa wa vioo vya simu, huyo Simba mpole. Na kuna mama lishe wetu, tunamwita Mama tu, anapika upande wa pili wa mtaa, Simba na yeye, lakini huwa haongei mambo ya mpira sana. Ile wiki Yanga wamemtambulisha Tshabalala hapa hapakukalika. Dogo wa boda alikuja asubuhi hajanywa hata chai, kaegesha pikipiki katikati ya njia, kaanza.

"Msaliti yule! Miaka 11 anakula ugali wa Msimbazi, leo anavaa kijani anacheka?"

Mzee wa kahawa anamimina zake kikombe cha mtu, hana haraka. "Mjukuu wangu, mkataba si umeisha? Ulitaka akae kwenu kama shemeji?"

"Angekaa! Nahodha yule!"

"Nahodha halishi watoto kwa kitambaa cha mkononi."

Wakaendelea hivyo mpaka saa nne. Baadaye dogo akabadilisha gia, akaanza kusema kwanza hata mchezaji mwenyewe hakuwa lolote, bora ameondoka, eti misimu minne ya mwisho tumechukua ubingwa gani, toka ile tano moja ya Novemba 2023 Yanga wanatufunga tu, akawa anahesabu kwa vidole, 2-1, 1-0, 1-0, halafu 2-0 ya Juni 2025, na nahodha nani? Jamaa wa vioo vya simu akamwambia sasa ile 1-0 ya Oktoba 2024 si alijifunga Kijili, na Kijili ni beki wa kulia, wa kushoto anaingiaje hapo? Dogo akasema nahodha anaingia popote. Jamaa akasema haya, kama nahodha anaingia popote basi na zile robo fainali anaingia. Dogo kimya kidogo, afu akasema robo fainali zile ni za Chama na Luis, wale mafundi wetu wa mbele.

Hapo mi nikacheka nikaendelea na kazi, sikujua kama hiyo sentensi itanirudia.

Mzee wa kahawa naye ana kumbukumbu mbaya, mbaya kwetu yani. Akasema mnakumbuka Yondani alivyokuja kwetu 2012? Maneno haya haya. Ajibu 2017, maneno haya haya. Mkude 2023, Chama 2024, haya haya. "Lakini Niyonzima alivyotoka kwetu kuja kwenu, mkasema fundi wa mpira ameona mwanga. Gadiel 2019, beki wa kushoto vilevile kama huyu, mkasema mtaalamu. Morrison ndo usiseme. Akivuka kuja kwenu mtaalamu, akivuka kuja kwetu msaliti." Mimi nikaingilia, nikasema mzee hao hawakukaa miaka 11, huyu ni mtoto wa nyumbani, huyu ni msaliti. Ndio, nililisema mimi pia, sitaki kujifanya hapa. Mzee akanigeukia akaniangalia, akaangalia meza yangu. "Wewe si ulikuwa kona ile pale, umehamia hapa kwa ajili ya elfu kumi ya kodi? Mbona yule mwenye kona hakukuita msaliti?" Watu wakapasuka kucheka. Nikajifanya nawasha presi.

Sasa kilichokuwa kinaniuma mimi zaidi hata sio usaliti. Ngoja niseme ukweli. Mwezi Julai, kabla ya msimu, nilikuwa nimekata stoku. Kila msimu ukikaribia wateja wanakuja wote kwa pamoja, wiki ya Simba Day hapa panakuwa kama sokoni Krismasi, kwa hiyo huwa nakata majina mapema nayalaza kwenye boksi, mteja akija nabandika tu dakika mbili. Nikajiuliza nikate ya nani. Wachezaji wa kigeni siwaamini, dirisha likifunguliwa anaweza kuwa yuko Libya. Nikasema nahodha. Nahodha haendi popote. Tetesi zilikuwepo, mji mzima ulikuwa unazungumza, mi nikasema hizo ni propaganda za Wananchi, yani Yanga, nikakata TSHABALALA thelathini kwa stika nyeupe. Hesabu mwenyewe, herufi kumi mara thelathini, herufi mia tatu. Rola zima la stika likaishia hapo, na stika nzuri sio bei rahisi, ile ya bei rahisi inabanduka ukifua mara tatu.

Kwa hiyo pale ninaposema msaliti, moyoni nilikuwa naona boksi.

Tena kabla Yanga hawajamtambulisha, Agosti 2 hiyo ikaja CHAN, Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ufunguzi, Taifa Stars na Burkina Faso kwa Mkapa. Kijiwe kizima tuko kwenye kibanda umiza, Simba na Yanga tumechanganyika, siku ya Stars huwa hamna upande. Sopu akafunga penalti kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili ukapigwa mpira wa juu, mtu akapanda, kichwa, wavuni, 2-0. Nani? Mohamed Hussein. Kibanda kiliinuka chote, mi nimemkumbatia mtu simjui anatoka jasho, na dogo wa boda, dogo huyu huyu, yuko juu ya benchi anapiga kelele "Nahodha! Nahodhaaa!" Alivyoshuka akaniona namwangalia. Akasema "Leo ni nchi bwana." Sawa, ni nchi. Baadaye alipotambulishwa kule ndo akawa msaliti, kama nilivyosimulia hapo juu.

Usiku mmoja mvua ilinikuta mezani, ile mvua ya ghafla ya Dar ambayo huwezi kuondoka wala huwezi kufanya kazi. Nimejibanza na boksi langu la hasara na sanduku la madaftari ya zamani, nikasema ngoja nione. Kama kweli huyu mtu watu walikuwa wanampenda hivi wanavyosema, jina lake nimelibandika mara ngapi?

Nikaanza na Machi 2019, maana kuna mechi naikumbuka kuliko zote, Simba na AS Vita, makundi ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya mwisho, tarehe 16. Nilikuwepo, jukwaa la mzunguko. Vita walikuwa wametufunga tano bila kule Kinshasa, kama tulivyofungwa na Al Ahly kule Misri, tano nyingine, msimu ule ukisafiri na Simba unarudi na furushi la magoli. Nyumbani tulikuwa wengine kabisa, Ahly tulimpiga hapa 1-0 la Kagere. Sasa na Vita tunatakiwa tushinde. Wakatutangulia, dakika ya kumi na ngapi sijui, uwanja ukawa kimya mpaka unasikia wauza maji. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria daladala ya Mbagala itakavyojaa. Kabla ya mapumziko beki wa kushoto akasawazisha, Tshabalala. Afu ikakaa hivyo, moja moja, moja moja, watu wanaangalia saa, wengine wameshasimama, mpaka dakika ya 90 Chama akafunga la pili. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mtu mbele yangu alitupa kiatu chake juu, kiatu kimoja, hakikuonekana tena, alirudi nyumbani na kandambili ya kununua getini.

Robo fainali tukaingia kwa magoli mawili, moja la Tshabalala moja la Chama.

Nikafungua ukurasa wa Jumatatu yake. CHAMA. CHAMA. CHAMA. CHAMA. KAGERE. CHAMA. BOCCO. CHAMA. Ukurasa mzima na nusu ya unaofuata. TSHABALALA hamna. Nikasema labda Jumanne. Jumanne hamna. Wiki nzima hamna hata mmoja. Mwezi mzima kuna mmoja, nitamfikia huyo. Sasa kuna mtu atasema ni bei, CHAMA herufi tano tu, elfu mbili mia tano, TSHABALALA elfu tano, na ni kweli kuna wateja wanachagua mchezaji kwa urefu wa jina nawajua. Lakini huyu huyu ana jina la ZIMBWE, herufi sita, sawasawa na KAGERE. Na hilo nalo halikuwepo.

Nikaendelea na madaftari mengine. 2017, 2018, misimu ya ubingwa. Okwi, Niyonzima, Kichuya. Baadaye Luis, Morrison. Mvua inapiga, mi nageuza kurasa kama karani wa mahakama. Mabeki wote kwa ujumla wao ni wachache, kuna KAPOMBE kadhaa, WAWA wachache maana herufi nne na alikuwa na mbwembwe zake. Tshabalala kwa miaka yote hiyo tisa niliyokaa hapa Kariakoo hajafika ishirini. Na wakati wote huo yeye yupo, kaletwa Asante Kwasi kapita, kaletwa Gadiel kapita, yeye kabaki upande ule ule.

Nikatafuta na jina langu. Yani kazi nilizojifanyia mwenyewe, huwa naandika "mi" pembeni, bila hela. Mi OKWI. Mi CHAMA. Mi CHAMA tena. Mi LUIS. Halafu nimesimama hapa mtaani naita mtu mtoto wa nyumbani.

Nilikaa na hiyo kitu siku kadhaa bila kumwambia mtu, na nikaanza kusikiliza mabishano ya kijiweni kwa sikio lingine. Kila aliyekuwa anapiga kelele namtazama mgongo. Dogo wa boda, jezi yake ya msimu ule imeandikwa AHOUA, kiungo wetu. Ya kabla yake, CHAMA, na Chama naye alishavuka, dogo aliikata kuwa tambara la kufutia pikipiki. Jamaa wa vioo vya simu, yule mtetezi, mgongo mtupu, hajawahi kuandika jina maisha yake, mbahili yule. Na walikuwa wanakuja watu mpaka wa maofisini, mikoba mkononi, wanasimama kunywa kahawa wanasema tumepoteza moyo wa timu, yule ndo alikuwa Simba yenyewe. Migongo yao naijua. Nimeibandika mimi.

Sisemi hawana haki ya kuumia. Nasema tu nilianza kuwasikia tofauti.

Kuna mmoja alinichosha lakini. Huyu ndo alikuwa na jina kweli, kati ya wale wachache. Akaja na jezi nyekundu ya misimu mitatu nyuma, TSHABALALA mgongoni, akaitupa mezani, "Toa hiyo takataka niwekee AHOUA." Nikamwambia kaka kutoa natoa ila sikuhakikishii. Jina lililokaa miaka mitatu unalipasha moto kidogo, unaanza kulibandua kwa kona taratibu na wembe mdogo, ukiharakisha unaondoka na kitambaa, gundi inayobaki unaifuta kwa petroli na pamba. Nilimaliza herufi kumi kwa karibu saa nzima. Nikaikung'uta nikaiinua. TSHABALALA inasomeka vilevile. Jua lilikuwa limekula jezi yote imepauka, isipokuwa pale chini ya herufi, pale nyekundu ni ile ya dukani, mpya kabisa.

"Fundi mbona bado lipo?"

"Sio stika hiyo kaka, ni kitambaa chenyewe."

"Si uweke AHOUA juu yake."

Nikamwonyesha, nikapanga herufi tano pale katikati bila kubandika. Zinafunika HABAL, inabaki TS upande huu na ALA upande ule. TSAHOUAALA. Mzee wa kahawa alikuwa nyuma yetu, alilia kwa kicheko, kikombe kikamwagika. Yule kaka akataka nimrudishie hela ya kutolea, nikamwambia sijakosea kazi, tukazozana pale mpaka watu wakajaa, mwisho nikamrudishia nusu ili aondoke. Jezi akaiacha. Ninayo mpaka leo, nafunikia presi vumbi lisiingie.

Shemeji yangu ndo aliyenitoa kwenye hasara, na sikufurahi. Mume wa dada yangu, Yanga wa kutupwa. Kaja Jumamosi na jezi ya kijani mpya, harufu ya dukani bado, anacheka kuanzia mbali. "Shem, nasikia una Tshabalala za kumwaga." Dogo wa boda alishamwambia, nani mwingine. Nikamwambia sibandiki. Akasema wewe ni fundi au kiongozi wa tawi? Nikamwambia nenda Mtaa wa Twiga huko kwenu kuna mafundi. Akanyamaza, akatoa elfu tano akaiweka mezani akaikalisha na mkasi isipeperuke. Akasema, "Dada yako ameniambia una kodi tarehe tano."

Nikabandika.

Nyeupe kwenye kijani, sitaki kusema inapendeza, ila inasomeka. Nilivyoifungua presi mvuke ukapanda nikaona lile jina pale nililolikata kwa ajili ya nyekundu, mkono ukawa mzito kidogo, kweli. Shemeji akaivaa hapo hapo akazunguka kijiwe chote mara mbili kwa madaha. Nusu saa baadaye wakaja wengine wawili. Wiki ile ikaenda saba, baada ya Ngao ya Jamii ile Septemba waliyotufunga 1-0 zikaenda nyingine, mpaka zikafika kumi na tisa. Kumi na tisa ndani ya wiki chache, wakati sisi kwa miaka tisa hatukufika ishirini. Nilimwambia mzee wa kahawa hiyo hesabu nikitegemea atatamba, akatikisa kichwa. Akasema usidanganyike, hao hawajampenda, hao wananunua ili wapite mbele yenu. "Akikosea mechi mbili watakuletea uzitoe." Yanga yule mzee, lakini huwa anasema ukweli akiwa hana wateja.

Sasa yule mmoja wa Machi 2019 niliyesema nitamfikia.

Mwisho wa Septemba, saa nane hivi mchana, jua kali, Mama akavuka mtaa na mfuko wa rambo mkononi. Akatoa jezi nyekundu, ya zamani, mikono imelegea, ina kadoa ka mafuta karibu na shingo. TSHABALALA, herufi zangu zile za 2019 nilipokuwa bado sijajua joto la kupigia vizuri, ndo maana A mbili zilikuwa zimebanduka. TSH BAL LA. Akasema mwanangu nirudishie hizi A.

Dogo wa boda alikuwa hapo. "Mama! Bado unavaa hiyo? Huyo si msaliti?"

Mama hakumgeukia. Akavuta ndoo akakaa, akaniambia endelea. Nikawasha presi, inachukua muda kupata moto, kwa hiyo nikamuuliza tu, Mama, wewe kwa nini uliandika huyu? Maana wakati ule watu wote waliandika Chama.

Akasema, "Mimi mzunguko huwa nakaa chini kabisa, karibu na mstari, kwa sababu ya magoti siwezi kupanda ngazi. Upande ule nusu ya mechi namuona yeye tu. Chama yuko kule mbali kama sisimizi. Huyu yupo hapa," akaonyesha kwa mkono, kama kutoka kwake mpaka kwenye meza yangu. "Anaongea mechi nzima. Anamwambia yule wa katikati sogea, anamwita huyu rudi. Yule winga wao wa kulia anaanza mechi anatamba, mara ya kwanza anakuja, mara ya pili anakuja, mara ya tatu anaanza kupeleka mpira upande mwingine. Ninyi mnaangalia mpira ulipo. Mimi naangalia pale ambapo haujaja."

Dogo akasema, "Lakini Mama kaenda Yanga."

"Si nimesikia. Na wewe ukija kula kwa yule wa kule kona mimi nakuita nani?"

Dogo akafunga mdomo, maana huwa anakula kule kona akiwa ana deni kwa Mama, tunajua wote.

Nikasema Mama kwa hiyo hukuumia? Akasema aliumia, alilala bila kula siku ile, kwani yeye jiwe? Akaniambia kijana yule amemtazama tangu hajaota ndevu vizuri. Halafu akasema presi yako imeshapata moto, ile taa imewaka.

Nikafungua boksi. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nikakata A mbili kutoka kwenye jina la juu, nikazipanga kwenye nafasi zake, nikafunika na kitambaa, nikashusha presi, nikahesabu sekunde kumi na tano, nikaachia. Herufi nane zimepauka zina mipasuko, mbili nyeupe pee kama meno ya bandia. Mama akaiangalia akacheka. Akauliza bei gani, nikasema hamna, akasema herufi mbili ni elfu moja, usinifanye mgeni, akaweka noti mezani. Akavuka barabara akaivaa juu ya gauni lake la kupikia, akaendelea kugeuza chapati, mgongo kaupa mtaa.

Dogo wa boda alikaa kidogo. Afu akaniuliza, kama mtu anayeulizia kitu cha mtu mwingine, hizo zilizobaki unauzaje kwa jezi nyekundu. Nikamwambia bei ile ile, herufi kumi elfu tano. Akasema ghali. Akawasha pikipiki akaondoka.

Lile jina nililolitoa A mbili siwezi kuliuza tena, kwa hiyo nimeanza kulitumia. Jana kaja mteja anataka AHOUA, nikachomoa A mbili zilizobaki na H, nikakata O na U tu.